Linux mitaani: tatizo si programu, ni fundi

Swali hili haliishi: je, Linux inamfaa mtu wa kawaida, au ni ya sisi waandika programu tu? Jibu langu: inamfaa. Ila kuna sharti moja, na sharti lenyewe haliko ndani ya kompyuta.

Ingia saiba yoyote hapa Umoja utazame watu wanafanya nini. Mmoja yuko eCitizen, mwingine anasoma barua pepe, wa tatu anachapisha wasifu wa kuombea kazi. Hayo yote yanahitaji kivinjari, LibreOffice na printa. Linux inayaweza, tena bila vile virusi vya Windows vinavyohama na flashi kutoka mashine moja hadi nyingine.

Na sasa suala hili lina uzito kuliko zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba hazifiki hapo. Linux Mint inaridhika na RAM ya GB 2, ingawa 4 ndiyo raha, na toleo la 22 litapata marekebisho ya usalama hadi 2029. Menyu yake iko palepale chini kushoto, kwa hiyo aliyezoea Windows hapotei.

Sisemi inamfaa kila mtu. Anayeishi kwa Photoshop, au mhasibu anayetegemea QuickBooks ya kwenye mashine, abaki alipo.

Basi kikwazo ni nini? Ni fundi. Windows ikigoma, kila mtaa una kijana wa kuirudishia kwa bei ya kuelewana. Linux ikigoma, mwenye mashine hana pa kukimbilia. Fundi asiyeijua atafuta kila kitu, aweke Windows ya wizi, na habari imeisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeipenda Linux, usimwekee jirani kisha ukatoweka. Mwache kwanza aijaribu kutoka kwenye flashi, maana hapo diski yake haiguswi. Hakikisha Wi-Fi na printa zimekubali. Halafu nenda ukamfundishe fundi wa saiba ya karibu. Fundi mmoja anayeijua ataisambaza mtaani kuliko makala kumi za kuisifu, hii ikiwemo.