Mama aliyetazama majivu

Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza waliohamia Massachusetts, tunawajua kwa ukali wao, na wakali walikuwa kweli. Mwaka 1659 walipiga marufuku Krismasi, faini shilingi tano. Mwaka uliofuata wakamnyonga Mary Dyer mjini Boston, mwanamke wa dhehebu la Quaker waliyekuwa wamemfukuza, naye akarudi. Silitetei hilo hata kidogo.

Lakini nafundisha fasihi, na sikubali wote watiwe kapu moja. Msome Anne Bradstreet, mshairi wao. Alivuka bahari mwaka 1630 akiwa bado kijana, akazaa watoto wanane huku akiandika. Shemeji yake ndiye aliyefikisha mashairi yake London, yakachapishwa mwaka 1650.

Julai 1666 nyumba yake iliteketea usiku. Katika shairi lake juu ya moto ule anamshukuru Mungu, kama dini yake ilivyomfunza: mali ilikuwa Yake, ameichukua. Kisha kila apitapo penye majivu macho yanamvuta, anakumbuka masanduku, anakumbuka meza ambapo mgeni hatakula tena. Ndipo anajikemea. Imani na uchungu vinavutana mbele ya macho yetu.

Hata kwetu, jiko letu la makuti lilipoungua, mama alisema alhamdulillahi. Baadaye nikamwona amechutama, ameokota kifuniko cha sufuria, anakifuta masizi kwa ncha ya kanga, taratibu, kana kwamba kitatumika tena.

Walimu wenzangu, lisomeni shairi hilo na wanafunzi wenu.