Mtaji Usioandikwa Daftarini

Msomaji, hapana shaka umekwisha kuusikia usemi unaotembea siku hizi midomoni mwa vijana, kwamba mtu mwerevu hatosheki na biashara moja. Asubuhi na auze viatu, adhuhuri awe dalali wa viwanja, jioni afuge kuku, na usiku akeshe akiwinda faida katika simu. Usemi huu ni mtamu masikioni, lakini ni wa uongo. Nami nataka kuupinga mbele yako kabla hujatoka shuleni ukaulipia kwa fedha za wazazi wako.

Wasemao hivyo hudhani kwamba mtaji ni fedha tu. Fedha ni mtaji, sikatai. Lakini uko mtaji mwingine usioandikwa daftarini, nao ni fikira zilizotulia. Fedha zikipotea zaweza kukopwa tena. Saa ya fikira zilizotawanyika haikopeki popote. Mwenye duka asiyejua ni bidhaa gani imekwisha, ni nani aliyechukua kwa deni, na kwa nini mteja wa jana hakurudi leo, hakushindwa na umaskini. Ameshindwa kwa sababu mwili wake u dukani na moyo wake uko kwingine.

Wala moyo haugawanyiki bila hasara. Mwaka 2009 mtaalamu Sophie Leroy alieleza uchunguzi wake juu ya watu wanaoacha kazi moja na kurukia nyingine. Aliona kwamba kazi ya kwanza ikiachwa kabla haijakamilika, sehemu ya fikira hubaki huko nyuma, na kazi ya pili hufanywa vibaya. Wazee wetu walilijua jambo hilo zamani waliposema kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

Ukitaka ushahidi wa karibu, itazame M-Pesa, ambayo huenda imekwisha kukulipia karo. Ilipojaribiwa mwaka 2005, Nairobi na Thika, haikukusudiwa kuwa hivi uijuavyo. Ilikusudiwa kuwawezesha watu waliokopa fedha kidogo kidogo walipe madeni yao kwa simu. Mpango huo ulikuwa na mafundo mengi. Lakini waliousimamia walitazama kwa makini, wakaona kwamba watu wale walikuwa wakiutumia kwa haja yao wenyewe: kupelekeana fedha. Wangaliweza kuyashika mambo yote mawili, lakini hawakufanya hivyo. Waliyaweka kando mambo ya mikopo, na huduma ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, ilinadiwa kwa neno moja tu, kwamba sasa mtu aweza kutuma pesa nyumbani. Haja moja iliyoeleweka vizuri ikaenea nchi nzima.

Mpinzani wangu ataruka hapa aulize, "Mbona leo watu huweka akiba na kukopa kwa njia hiyo hiyo?" Ni kweli, lakini M-Shwari, iliyoleta akiba na mikopo, ilikuja mwaka 2012. Mti ulishika mizizi kwanza, ndipo matawi yakafuata. Ataruka tena aseme kwamba mkulima hupanda mahindi na maharagwe pamoja. Ndiyo, lakini huyapanda katika shamba moja, na palizi moja huyafaa yote mawili. Ni nani awezaye kupalilia mashamba kumi kwa jembe moja?

Usinielewe vibaya. Simlaumu mama auzaye mboga asubuhi na kushona nguo jioni ili watoto wake wale. Huyo amegawanywa na shida, si na tamaa. Wala sikufundishi ukaidi wa kung'ang'ania kazi isiyo na faida. Wale wa M-Pesa walibadili kusudi lao walipoona ukweli. Lakini waliacha moja wakashika moja.

Basi, usingoje siku ya kufungua duka ndipo uanze kujifunza kutuliza moyo. Anza leo, na hesabu iliyo mbele yako. Kijana asiyeweza kukaa na swali moja mpaka alimalize bila kuichungulia simu, atawezaje kukaa na biashara moja mwaka mzima? Ukifika wakati wako, chagua kazi moja. Mjue anayeinunua na sababu ya kuinunua. Kila jioni andika kilichoingia na kilichotoka. Na mtu akikuletea habari ya faida ya haraka mahali pengine, mwache apite. Mshika mbili, moja humponyoka. Mshika kumi hurudi nyumbani mikono mitupu.