Tupange Maji na Malisho Kabla ya Kumpokea Mtalii



Msafiri atokaye Isiolo kwenda Archers Post kwa barabara kuu ya Moyale hupita Ngaremara. Mbele kidogo ya hapo ziko Hifadhi za Buffalo Springs, Samburu na Shaba. Wanyama waliomo hawaonekani kila mahali. Yuko punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga mwenye madoa kama wavu, choroa, mbuni mwenye shingo ya rangi ya samawati, na swala twiga ambaye husimama kwa miguu ya nyuma ili ayafikie majani ya juu. Punda milia wa Grevy waliobaki duniani, sehemu kubwa yao wako Kenya, na kaskazini hii ndiyo nchi yao.

Kwa ajili ya wanyama hao watalii wamekuja miaka mingi, na wengine watakuja. Shaba ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1974. Mwaka 2001 Wamarekani walipiga huko picha za mchezo wao wa televisheni uitwao Survivor. Ruwaza ya Kenya ya 2030, iliyotolewa mwaka 2008, iliitaja Isiolo kuwa mahali pa kujengwa mji wa kitalii. Nayo jamii imeanzisha hifadhi zake yenyewe jirani na hapa, kama vile Nasuulu, na Nakuprat-Gotu ambayo imewaunganisha Waturkana na Waborana.

Mimi ni karani wa kilimo, si mtu wa hoteli. Lakini kazi ya karani ni kusoma karatasi, na karatasi za mambo ya utalii nyingi huanza na fedha: vitanda vingapi, wageni wangapi, shilingi ngapi. Maoni yangu ni kwamba mpango wa utalii katika nchi kavu uanze na maji na malisho, uandikwe barazani na wenye ardhi, ndipo fedha zizungumzwe. Mpango ulioanza na fedha huishia katika ugomvi.

Labda mkulima wa skimu atauliza, "Mimi nina shamba langu na namba yangu. Watalii wananihusu nini?" Wanakuhusu kwa njia tatu. Ya kwanza ni mto. Ewaso Ng'iro hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Maji hayo hupita penye mashamba ya watu wengi kabla ya kufika Archers Post, kisha huteremka mpaka kinamasi cha Lorian. Mfereji ukifunguliwa juu bila kipimo wakati wa kiangazi, ng'ombe wa chini hukosa maji, na tembo pia hukosa. Ya pili ni tembo mwenyewe. Yeye hajui alama za mipaka, wala hatofautishi mahindi ya skimu na majani ya porini. Ya tatu ni soko. Wageni hula, na chakula chao hulimwa na mtu. Kwa hiyo mkulima ni mmoja wa watu wa shauri hili, hata kama hajamwona mtalii ila nyuma ya kioo cha gari.

Sasa tufanye hesabu ndogo, kama tulivyokuwa tukiwafundisha watoto shuleni. Tuseme kambi ina nafasi ya wageni 20, na mapatano ni kwamba jamii ilipwe shilingi 1,000 kwa kila mgeni kwa kila usiku. Kambi ikijaa mwezi mzima wa siku 30, jamii itapata shilingi 600,000. Ni fedha nyingi zikitajwa barazani. Lakini jamii hiyo ikiwa na nyumba 1,000, kila nyumba itapata shilingi 600 tu. Hazitoshi kununua mbuzi mmoja. Na mwezi wa mvua, ikiwa wageni ni watatu tu kila usiku, jumla itakuwa 90,000, na kila nyumba itapata shilingi 90.

Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini mtu yeyote aweza kuirudia kwa namba za mapatano yake mwenyewe. Ataona kwamba fedha ya mtalii haiwezi kuchukua mahali pa malisho. Familia ikizuiwa kufika mtoni mwezi mmoja tu wa kiangazi, ikapoteza ng'ombe wawili, hasara hiyo haitalipwa na mgawo wa miaka mingi. Ndiyo maana nasema maji na malisho yatangulie. Fedha ikiwekwa pamoja yaweza kulipa karo za shule, kutengeneza pampu au kununua dawa za zahanati. Ikigawanywa nyumba kwa nyumba huyeyuka.

Mambo haya si mageni Kenya. Tutazame Amboseli. Mwaka 1974 sehemu yenye vinamasi vya maji ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Wamasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao hapo waliahidiwa maji ya bomba nje ya mipaka. Mabomba yalitandazwa. Lakini kutandaza bomba ni kazi ya siku chache, kulitunza ni kazi ya kila siku. Baada ya miaka michache mitambo iliharibika, maji yakakatika, na ng'ombe wakarudi vinamasini kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Katika uchungu wa miaka ile kuna vijana waliowachoma mikuki simba na vifaru. Hawakufanya hivyo kwa kuwachukia wanyama, kwani wazee wao walikaa nao tangu zamani. Walitaka kusikiwa. Hapo pana funzo: ahadi ya maji lazima iseme nani atanunua mafuta ya mashine, nani atabadilisha mpira uliochakaa, na fedha hiyo itatoka katika mfuko gani.

Upande wa pili, tutazame majirani zetu wa Il Ngwesi, Laikipia. Hao ni Wamasai wenye ranchi ya pamoja. Mwaka 1996 walifungua nyumba ya wageni iliyo mali yao wenyewe, na mwaka 2002 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Linalonipendeza kwao ni jinsi walivyogawa nchi yao. Waliweka sehemu ya makazi, sehemu ya malisho, na sehemu ya wanyama na wageni. Mchungaji anajua mpaka uko wapi kwa sababu yeye na wenzake ndio waliouweka. Il Ngwesi nayo imepata shida zake, hasa wakati wa ukame. Lakini shida ya mtu katika nyumba yake si sawa na shida ya mtu aliyefungiwa mlango na mwingine.

Sheria nayo iko upande wa baraza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba mapatano kati ya mwekezaji na jamii si halali mpaka yakubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano ulioitwa kwa ajili ya jambo hilo. Haisemi wazee watatu na mwenyekiti. Haisemi wanaume peke yao. Inasema watu wazima, na mwanamke achotaye maji ni mtu mzima. Ardhi ya jamii ambayo haijaandikishwa hushikwa na Serikali ya Kaunti kama amana tu, nayo hairuhusiwi kuiuza.

Tena tusidhani maneno hayo yamelala kitabuni. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa bila kufuata sheria na bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Kesi ilipelekwa na wananchi wenyewe. Sitaki kumhukumu mtu hapa. Nataka msomaji aone gharama yake. Miaka ya kazi, magari, nyumba za walinzi na mishahara yao, vyote hutikisika kwa sababu ya mkutano ambao haukufanywa sawasawa mwanzoni. Mwekezaji mwenye akili atapenda kungoja miezi sita barazani kuliko kuitwa mahakamani baada ya miaka kumi.

Wako wanaosema, "Watu wana njaa leo. Mkiweka masharti mengi, mwekezaji atakwenda kwingine." Neno hili si la kupuuzwa, maana kijana asiye na kazi hawezi kula masharti. Lakini tujiulize mgeni huyu anafuata nini. Hakuja kwa sababu ardhi yetu ni rahisi. Alikuja kwa sababu ya punda milia, tembo na mto, navyo haviwezi kuhamishiwa mahali pengine. Mwenye mali ya namna hiyo ana haki ya kukaa chini na kuzungumza bila haraka. Anayekukimbiza utie kidole gumba kabla ya kusoma, huyo amwogope hata mwenye njaa.

Pia tukumbuke kwamba utalii ni zao, na kila zao lina mwaka wake mbaya. Machi 2010 Ewaso Ng'iro ulifurika na kubomoa kambi za kando ya mto kule Samburu. Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilizuiwa kuingia Kenya, zikaruhusiwa tena Agosti mosi. Hata baada ya hapo wageni walikuwa wachache. Kisha ukaja ukame, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo mpaka mwisho wa 2022. Mkulima anayejua kazi yake hapandi shamba lote zao moja. Vivyo hivyo utalii uwe kama kunde kati ya mistari ya mahindi. Huongeza chakula na kurutubisha udongo, lakini mahindi yabaki. Katika nchi yetu mahindi hayo ni mifugo, na shamba la kando ya mto kwa aliye nalo.

Basi katika mpango kuandikwe nini? Napendekeza mambo matano.

Kwanza, ramani ya kiangazi. Baraza lichore njia za mifugo kwenda majini, malisho ya akiba na njia za tembo, kama zilivyo mwezi mkavu kuliko yote. Ramani iliyochorwa wakati wa mvua hudanganya.

Pili, kipimo cha maji. Kambi itatumia maji kiasi gani kwa siku, na ikiwa mto umepungua, nani ataanza kupunguza? Chama cha watumia maji kiitwe mezani, wa juu ya mto na wa chini pamoja.

Tatu, kodi ya ardhi isiyotegemea idadi ya wageni. Kuwe na kiasi kilichokatwa ambacho kitalipwa hata vitanda vikiwa vitupu, na juu yake fungu kwa kila mgeni. Hivyo mwaka mbaya hautaiangukia jamii peke yake.

Nne, ununuzi. Iandikwe kwamba kambi itanunua kwanza mboga, mayai, maziwa na nyama kutoka kwa vyama vya wakulima na wafugaji wa karibu, kwa bei ya soko. Nasi wakulima tujue kwamba mpishi hangoji. Akitaka nyanya Jumanne, zifike Jumanne, zikiwa safi.

Tano, hasara ya wanyama. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliandika fidia, hata shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, lakini malipo hukawia sana. Kwa hiyo sehemu ya mapato iwekwe ya kuzuia hasara kabla haijatokea. Mfano mzuri ni uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa Laikipia na Taita Taveta. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita kumi, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huondoka. Asali huwa ya mkulima.

Juu ya yote hayo pawe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu zisomwe barazani kila miezi mitatu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, na nakala ibandikwe mahali pa wazi. Kijana aliyemaliza shule aweza kuzisoma, na bibi asiyejua kusoma aweza kuuliza swali. Wasiokuwa na la kuficha hawataona taabu.

Kuna methali nyingine isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtalii hatulimii, lakini utalii wenyewe umeshakaa kwetu zaidi ya siku mbili. Sasa upewe jembe: ulinde mto, utunze nyasi, ununue mazao, ulipe karo. Mwenye kugawa kazi katika shamba ni mwenye shamba. Basi mkisikia baraza limeitwa kwa ajili ya kambi au hifadhi mpya, msiseme ni mambo ya wafugaji au ya wakubwa. Nendeni mapema, mke na mume. Kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, ulizeni mifugo itanywa wapi mwezi wa Septemba.