Mtoto wa Chekechea Hana Fungu



Tangu zamani watu wa Tana River wamekuwa wakisomewa shitaka moja: ati wazazi wao hawajali elimu. Mfugaji huambiwa anahama na watoto kama ahamavyo na ng'ombe. Mvuvi wa Kipini huambiwa amemtia mwanawe chomboni kabla hajajua kuandika jina lake. Kwa kuwa kazi yangu ni kutetea washitakiwa, naomba kusimama upande wa mzazi huyu, maana ushahidi unamwelekea mtu mwingine kabisa.

Tazameni hesabu. Kwa mtoto wa shule ya msingi ya umma, Serikali Kuu iliweka kiwango cha shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa sekondari msingi, shilingi 15,042. Kwa sekondari, shilingi 22,244. Iwapo fedha hizo hufika zote na kwa wakati, hiyo ni kesi ya siku nyingine. Walau kiwango kimeandikwa na mzazi anaweza kukidai. Je, mtoto wa miaka minne aliye chekechea huko Kipini ameandikiwa kiasi gani? Hana. Ndiye mdogo kuliko wote, na ndiye pekee asiye na fungu lenye jina lake.

Dhuluma hii haikuanza jana. Siku za chama kimoja nasari ilikuwa mzigo wa mzazi, kanisa, msikiti na halmashauri. Mwalimu alilipwa kwa michango. Mto ukifurika, hakulipwa. Kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, tukapiga kura ya vyama vingi 1992, na nasari ikabaki palepale. Mwaka 2003 elimu bila malipo ikaanzia darasa la kwanza. Mzazi maskini akafanya hesabu ambayo hata mimi ningeifanya: kwa nini nilipe ada ya nasari, ilhali mwakani darasa la kwanza ni bure? Mtoto akaingia darasani hajawahi kushika kalamu, kisha wakubwa wakashangaa kwamba hafaulu.

Katiba ya 2010 ilikuja kuliponya donda hili. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya lazima, bila malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu hiyo. Na Jedwali la Nne likaikabidhi kwa kaunti. Jedwali hilo linazitaja chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji katika sentensi moja. Vyuo vya ufundi vilitengewa ruzuku maalumu ya Serikali Kuu, shilingi bilioni 2, katika mwaka wa fedha 2017/18. Chekechea, ndugu zao wa sentensi moja, ziliachiwa bajeti ya kaunti.

Na kaunti nyingi hupenda kujenga. Jengo lina kandarasi, lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukatwa. Mshahara wa mwalimu hauna utepe. Ukiuliza kwa nini darasa jipya halina mwalimu wa kudumu, utajibiwa kwamba kanuni za fedha zimewekea mishahara kikomo cha asilimia 35 ya mapato. Kikomo hicho ni cha kweli. Lakini hakikusema kwamba wa kwanza kunyimwa awe mwalimu wa nasari, na washauri wa wakubwa wabakie.

Kipini si mahali pa kupimiwa kwa kibaba cha wengine. Hapa ni mdomoni mwa mto Tana. Mafuriko ya 2018, 2023 na 2024 yalihamisha watu katika delta hii. Na Septemba 2012, pale Kilelengwani, raia na polisi waliuawa kwa makumi katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Benchi la chekechea ndipo mahali ambapo watoto wa jamii hizo wangeketi pamoja kabla hawajafundishwa kuogopana. Sisi tunaliona benchi hilo kuwa anasa!

Fedha zipo. Tume ya Ugavi wa Mapato iliiweka Tana River miongoni mwa kaunti 14 zilizotengwa, na Kifungu cha 204 kikaanzisha Hazina ya Usawazishaji kwa nusu asilimia ya mapato ya taifa. Wapo wasemao kwamba hazina hiyo ni ya maji, barabara, afya na umeme tu. Sivyo. Kifungu kinasema huduma za kimsingi "zikiwemo" hizo, na Kifungu cha 259 kinaeleza kwamba neno hilo haliweki mpaka. Hilo hata mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza analijua.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Enyi wa kanisa, pamoja na ndugu zenu wa msikiti, kabla ya siku hiyo hesabuni watoto wa chekechea katika wadi za Kipini Mashariki na Kipini Magharibi, mmoja mmoja. Andikeni idadi ya walimu na miezi waliyolipwa. Nendeni kwenye vikao vya bajeti na daftari hilo. Msiondoke na jibu la mdomo. Ulizeni kila mtoto ametengewa shilingi ngapi, na ukurasa gani. Mkinyimwa, Kifungu cha 35 kinawapa haki ya kupata habari, na barua ya kuidai nitawaandikia bila malipo.