Vitu vya Zamani Visitupwe Ovyo



Wengi wanasema kitu kizee ni takataka tu. Sisi hatukubali, na tunaleta mfano.

Mwaka 1976, huko California, Marekani, Steve Wozniak alitengeneza kwa mikono yake kibao cha ordinatere ya kwanza ya Apple. Mwenzake Steve Jobs akamuonyesha Paul Terrell, mwenye duka Byte Shop mjini Mountain View, kama ile mashini inaweza kufanya kazi. Terrell akaagiza 50. Tena akapiga kile kibao picha za Polaroid.

Nyuma kikasahauliwa. Vipande vingine vikang'olewa, kibao chenyewe kikavunjika. Watu wakafikiri kimepotea kabisa.

Mwaka 2022 habari zake zikatoka tena. Sasa, nani angejua kama ni chenyewe? Hakiwezi kuwaka, na maneno ya mdomo hayatoshi. Corey Cohen, mjuzi wa mashini hizo, akakilinganisha na picha za Terrell, alama moja moja. Zikapatana. Hata jina ni shahidi: juu yake kuko «Apple Computer A», lakini zile zilizouzwa dukani ziliandikwa «Apple Computer 1». Mwezi wa Agosti 2022 kikauzwa kwa mnada dola 677.196.

Wengine watacheka: feza yote ile kwa kibao kisichowaka! Tunawajibu: aliyenunua hakutafuta mashini ya kutumia, alitafuta kile chenyewe cha kwanza. Na bila picha za Terrell, nani angekubali kama ni chenyewe?

Na sisi je? Katika depo ya masomo yetu kuko mizani, redio na mashini za kuandikia, vyote bila numero, bila tarehe. Kila mwisho wa mwaka vingine vinatupwa. Kesho, mtu akiuliza ni mashini gani iliandika bulletini yetu ya kwanza, tutamuonyesha nini?

Hatuombi feza. Tunaomba daftari moja: jina la kitu, mwaka kilipofika, nani alikitumia, na picha yake. Wazee waliosoma hapa wangali hai, tuwaulize sasa. Ni kazi ya siku mbili za posho. Sisi wa darasa la sita tuko tayari. Inabaki ruhusa ya Bwana Prefe na ufunguo wa depo.