Sweta la shule huharibikia kwapani

Mzazi anaponunua sweta la shule Januari huangalia rangi, nembo na bei. Kwapa huliangalia Julai, baridi ya Njombe na Mafinga ikiwa imekolea na mtoto karudi nyumbani na tundu la kupitisha vidole viwili. Lawama humwendea fundi wa mtaani mwenye mashine ya kufumia ya mkono. Mara nyingi anastahili, maana mashine hufuma kifua na mgongo, lakini kwapa, shingo na mishono hutegemea mkono wake.

Njia ya haraka ni kufuma kitambaa kilichonyooka, kukikata kwa mkasi na kupitisha ovaloki. Kwa oda ya masweta mia, nani atamlaumu? Ila kila kitanzi kilichokatwa kinasubiri tu ovaloki ilegee kianze kufumuka.

Njia ya pili ni kulipa sweta umbo likiwa bado kwenye sindano. Fundi huchukua kifaa chenye meno matatu, huinua vitanzi vitatu vya pembeni na kuvisogeza ndani kwa sindano moja. Sindano ya nne sasa imebeba vitanzi viwili. Ya kwanza imebaki tupu, nayo hurudishwa nyuma isifanye kazi. Upande wa pili vivyo hivyo. Ukingo hubaki laini na rahisi kushona, na alama ndogo zinazopanda sambamba nao ndizo mnunuzi mjuzi huzitafuta karibu na kwapa kabla hajauliza bei.

Mkono wa sweta unataka hesabu. Ukianza na vitanzi 50 kwenye kiwiko cha mkono na kutakiwa kufika 80 kwapani, vimepungua 30, yaani 15 kila upande. Kama urefu huo una mistari 120, kinaongezwa kimoja kila upande baada ya kila mistari 8. Hesabu hiyo hutoka kwenye kipande cha majaribio, na hapo ndipo wengi hukosea: hukipima kingali kwenye mashine, kimevutwa na uzito. Kitolewe, kifuliwe, kilazwe hadi kikauke, ndipo kipimwe.

Shingo ina balaa lake. Vitanzi vikifungwa kwa kukazwa, ukingo hauvutiki, na asubuhi mtoto analia masikio yamekwama. Dawa ni kuzungusha kila kitanzi kinachofungwa kwenye vile vijiti vya chuma vilivyo mbele ya sindano, ili vyote vilingane na vibaki na nafasi.

Kisha mishono. Vipande hulazwa ubavu kwa ubavu, uso wa nje juu, na sindano ya mkono hupita chini ya nyuzi zilizolala kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili, huku na huku, kwa uzi uleule wa sweta. Ncha zifichwe ndani ya mshono, zisikatwe karibu na fundo. Pasi ya moto isiguse akriliki: uzi hulegea, na ukingo wa kiuno uliokuwa ukivutika na kurudi haurudi tena.

Mafundi wengine huacha ndani ya mshono wa ubavuni kipande kirefu cha uzi wa rangi ileile, cha kuzibia kwapa Julai ikifika.