TAZARA, Lobito na mizani ya diplomasia ya Tanzania

Septemba 4, 2024, jijini Beijing, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alishuhudia pamoja na Rais Xi Jinping wa China na Rais Hakainde Hichilema wa Zambia utiaji saini wa hati ya makubaliano ya kufufua reli ya TAZARA. Machi 2023 alikuwa amempokea Ikulu, Dar es Salaam, Makamu wa Rais wa Marekani, Kamala Harris, katika ziara iliyotangaza pia mpango wa kuchakata nikeli nchini. Oktoba mwaka huohuo alikuwa New Delhi, ambako Tanzania na India zilipandisha uhusiano wao hadi ushirikiano wa kimkakati.

Wapo wanaoiona ratiba hiyo kuwa ni kutaka kumridhisha kila mkubwa. Tafsiri hiyo ni nyepesi, kwani kila mbia amekaribishwa katika shughuli mahususi.

Msimamo huo una mizizi. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuigharimia. Katika ukanda uleule, Marekani ilichangia fedha za ujenzi wa barabara kuu ya kwenda Zambia. Wakati huo mataifa hayo mawili hayakuwa na uhusiano kamili wa kibalozi, lakini Mwalimu Nyerere alinufaika na yote mawili.

Mtihani wa sasa ni mgumu zaidi. Mwaka 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya zilitia saini makubaliano ya kuendeleza Ushoroba wa Lobito, unaopeleka shaba na kobalti za Kongo na Zambia katika bahari ya Atlantiki kupitia Angola. Sehemu kubwa ya shehena hiyo ndiyo inayotegemewa na Bandari ya Dar es Salaam. Zambia, kwa busara yake, imo katika mipango yote miwili.

Hapo ndipo diplomasia inapofikia ukomo wake. Urafiki na Washington hautaizuia Lobito, na urafiki na Beijing hautamlazimisha mwenye shaba kuelekea mashariki. Yeye atahesabu siku ambazo mzigo wake unakaa Tunduma na gharama ya kuufikisha melini. Hati ya Beijing ilifungua mlango tu. Muda ambao mwekezaji angeendesha reli, viwango vya nauli ya mizigo na hatima ya wafanyakazi wa TAZARA yalikuwa mambo ya kuamuliwa katika mkataba wenyewe.